Nyumba ya Bi Samiha na Orodha ya Karani

Tulipanga chumba kwa Bi Samiha binti Aidarus, Changamwe, upande wa kuteremkia Kipevu. Chumba chetu kilikuwa cha pili mkono wa kushoto ukiingia, na humo ndimo alimozaliwa Dhahabu, mtoto wetu wa kwanza, mwaka wa 1959. Mume wangu Thoya alikuwa akifanya kibarua huko Kipevu, anarudi jioni na vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na boriti, imeezekwa makuti, ukumbi katikati na vyumba sita kushoto na kulia, na nyuma ua wa kupikia. Nyumba ilikuwa mali ya Bi Samiha lakini ardhi haikuwa yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi pale: mtu ana kuta na paa, na chini pana mwenyewe, hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Mimi nimetoka bara ya Kaloleni, ambako ukijenga umejenga, na jambo hilo lilinichukua muda kulielewa.

Bi Samiha alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwepesi wa kuinuka. Mumewe, Hamoud, aliyekuwa seremala, alikufa zamani. Bintiye Suad aliolewa Lamu na barua zake zilikuja kwa msimu. Yeye aliishi kwa kodi za vyumba na kwa vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani ambavyo wanawake huvaa arusini. Alasiri alikaa barazani na sinia la maua akifunga, na asubuhi kabla ya chai alizunguka nyumba na ufito mrefu, akisukuma kila kuti lililotoka mahali pake. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, na mikono yake haikuwa na huruma hata kidogo. Nilipolia alisema, "Lia, mwanangu, lakini usisogee."

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Bi Khairiya, mjane pia, mkubwa kwake kwa miaka kadhaa. Nyumba ya Bi Khairiya ilikuwa ya mawe na chokaa. Hawa wawili walisalimiana kila siku barazani kwa barazani, na salamu zao ndizo zilikuwa mchezo wa mtaa.

"Shoga, hujaanguka bado?"

"Waniuliza mimi ama nyumba?"

"Yoyote."

"Nyumba hii itakuzika wewe na mawe yako."

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: ni nyumba ya nani iliyosimama kwanza Changamwe. Usione ni jambo dogo. Watu wa kale wa pale, ukitaka kujua mtu ni nani, huuliza nyumba yao ni ipi na tangu lini. Mwenye nyumba ya zamani ni mwenyeji, na mwenye nyumba ya juzi ni mgeni aliyekaribishwa, hata akiwa amezaliwa hapo.

Mwaka wa 1960, baada ya mvua za vuli, alikuja karani kwa baiskeli, kijana anaitwa Karisa. Alipiga hodi kwa Bi Khairiya, akakaa kule kitambo, kisha akatoka akiandika. Bi Samiha alikuwa barazani na maua yake. Mimi nilikuwa namnyonyesha mtoto mlangoni.

"Shikamoo, mama," Karisa akasema akipita.

"Marahaba, mwanangu. Watafuta nini?"

"Ofisi imenituma kutazama nyumba za zamani. Tumepekua daftari za ardhi na za kodi za nyumba, tukapata tisa hapa Changamwe zilizozidi miaka thelathini. Nazizungukia moja moja."

Bi Samiha aliweka uzi chini. "Na hii yangu ni ya ngapi?"

Karisa alitazama karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma. "Hii haimo, mama."

"Haimo vipi?"

"Kwa daftari, hii si ya zamani."

Ng'ambo kule Bi Khairiya alikuwa amesimama mlangoni na leso kichwani, anasikia yote. Akacheka kidogo, hivi, puani. Kicheko hicho ndicho kilicholeta balaa.

"Keti," Bi Samiha akamwambia karani. "Keti nikwambie. Mama yangu kafia ndani ya nyumba hii. Bibi yangu alitolewa bibi arusi kwenye mlango huu. Andika miaka mia."

"Mama, mimi naandika kilichomo daftarini."

"Basi daftari lenu limekosa. Wallahi utaondoka hapa umeniandika, ama leo ulale hapo kwenye baiskeli yako."

Karisa alikuwa kijana mpole. Alimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye mara mbili akasema ndiyo. Akaandika chini kabisa ya orodha, nyumba ya kumi. Bi Samiha akamfungia kikuba akampelekee mkewe. Kuhusu orodha ilikuwa ya nini, karani alisema yake ni kuandika tu, mengine ni ya wakubwa. Mtaani wakajijibu wenyewe: maji ya bomba yanakuja, na nyumba za wenyeji ndizo zitakazotangulizwa. Kwa siku kadhaa Bi Samiha aliwasalimu watu kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Maji ya bomba yalikuwa yanakuja kweli. Lakini miezi michache baadaye walikuja kwanza wanaume wawili na kopo la rangi nyekundu, wakachora msalaba mkubwa mlangoni petu. Karisa alikuja nyuma yao na hakututazama usoni. Akatueleza kwamba nyumba za zamani za mawe zingerekebishwa. Nyumba za zamani za udongo zingevunjwa kabla ya masika, kwa kuwa wakubwa wamesema zimechakaa na hazifai. Nyumba za udongo zisizofika miaka thelathini hazingeguswa.

"Na mwenye nyumba apewa wapi?" Thoya aliuliza.

"Kama ardhi si yake, hapewi."

Bi Samiha alikwenda akasimama mbele ya mlango, akausoma ule msalaba kama barua. Angekuwa hana nyumba, hana vyumba vya kupangisha, na hana mahali pa kwenda ila Lamu kwa mkwe.

Karisa ndiye aliyetuonyesha njia. Alisema daftari za ardhi si siri, mtu yeyote aweza kwenda mjini akaomba kuzitazama, na kama daftari linaonyesha nyumba haijafika thelathini, yeye anaweza kuifuta kwenye orodha. Bi Samiha alijua kusoma, lakini herufi za Kiarabu. Za Kizungu nilikuwa nazisoma mimi, kwa ile shule yangu ya msingi ya misheni. Basi tukapanda basi mpaka mjini, yeye na buibui lake, mimi na Dhahabu mgongoni.

Kule ofisini walituletea daftari kubwa. Kwanza Bi Samiha aliomba watafute jina la babu yake, halikuwamo. Jina la baba yake, halikuwamo. Mtu wa ofisi alisema watu kama hawa hawaonekani kwa majina kwa sababu ardhi imeandikwa kwa mwenye ardhi, afadhali tutafute kwa namba ya kiwanja. Kwa namba tukapata. Nikamfasiria polepole: mwaka wa 1934, Hamoud, seremala, amepewa kibali cha kujenga nyumba ya makuti, vyumba sita.

"Na kabla yake?"

"Kabla yake hakuna, Bibi."

"Hakuna nini?"

"Wameandika mikorosho."

Akasema, "Mama yangu kafia juu ya mkorosho, basi."

Hapo ndipo aliponieleza. Nyumba ya kwanza iliangushwa na mvua. Hamoud akaisimamisha upya palepale, na boriti tatu za zamani akazirudisha ukumbini. Kwake yeye nyumba ilikuwa ileile. Kuta hubomoka na makuti huoza, watu hutia mengine, na hakuna anayesema amehama. Hakumdanganya karani.

Lakini mambo hayakwisha hapo. Karisa alipoonyeshwa nakala tuliyopewa ofisini alikuna kichwa. Kibali cha 1934 chasema kujenga, akasema, lakini mama mwenyewe amekwisha sema mbele yake kwamba nyumba ni ya miaka mia, na wakubwa watauliza huenda Hamoud alitengeneza tu. Anataka shahidi. Mtu asiye wa nyumba hii, aliyeona kwa macho yake ikijengwa kuanzia msingi.

"Wote wamekufa," Bi Samiha akasema upesi.

Karisa akatazama ng'ambo ya kichochoro. Sote tukatazama.

"Heri waivunje," Bi Samiha akasema, akaingia ndani.

Siku zikapita. Kule chini ya barabara nyumba ya kwanza yenye msalaba ilivunjwa. Tulisikia boriti zikianguka. Jioni ile Bi Samiha alijifunga leso vizuri, akaniambia, "Mchukue mtoto, twende." Nikajua mtoto anatakiwa ili pawe na kitu cha kutazama wakati maneno yamekwama.

Bi Khairiya alitukaribisha mkekani. Akamshika Dhahabu mashavu, akamsifu, akauliza meno yametoka mangapi. Akauliza habari za Suad. Akauliza habari za Lamu nzima. Hakuuliza tumejia nini.

"Shoga," Bi Samiha akaanza, "nataka umwambie karani jambo."

"Jambo gani?"

"Kwamba nyumba yangu si ya zamani."

"Sikusikia vizuri. Masikio yangu siku hizi."

"Nyumba yangu si ya zamani."

"Ya lini, basi?"

"Khairiya, waijua ya lini."

"Mimi najua. Wewe ndiye uliyesahau miaka yote hii."

Bi Samiha alitazama mkeka. "Ya thelathini na nne," akasema.

Bi Khairiya alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Alipomaliza alijifuta macho. "Karani aje Jumamosi. Lakini nitasema barazani kwako, mbele za watu. Sisemi chumbani kama mwizi."

Tulirudi nyumbani, na Bi Samiha hakula. Alijua Jumamosi itakuwaje.

Jumamosi watu walijaa kichochoroni, wengine wamekuja na vigoda. Karisa akasoma kwa sauti, maana sheria yao ni kusoma kwa sauti: kwamba nyumba hii ilijengwa mwaka wa 1934, na haikuwa hapo kabla. Watu wakanong'ona. Bi Samiha alikaa wima, uso umefunikwa nusu.

"Bi Khairiya, wewe uliona?"

"Niliona. Mafundi walikuja baada ya Idi, wakachimba msingi, na mimi ndiye niliyewapikia, kwa kuwa huyu alikuwa mzazi, yuko ndani kwangu na kichanga chake. Hapakuwa na ukuta uliosimama. Udongo ulitoka kule bondeni, fito mpya, makuti mapya. Andika."

Karisa akaandika.

"Umekwisha andika?"

"Nimekwisha, mama."

"Haya. Sasa sikilizeni nyinyi," akawageukia watu. "Kabla ya mvua kuiangusha, hapa palikuwa na nyumba nyingine, na mimi nilicheza ukumbini mwake nikiwa mtoto. Mama yake huyu alinipiga kofi humo kwa kumwaga samli."

Karisa aliinua kalamu. "Mama, hiyo siwezi kuandika. Itaharibu yote."

"Nani kakwambia uandike? Nawaambia hawa." Akajitanda leso yake. "Na ya kwetu ilikuwa imekwisha simama wakati huo. Hilo pia walisikie."

"Uongo," Bi Samiha akasema chini ya buibui, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia siku ile.

Karisa alimletea Bi Samiha wino wa kutia kidole. Akakataa, akataka kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kuanzia kulia, na karani akangoja. Kisha Karisa akapiga mstari juu ya nyumba ya kumi.

Tulihama mwaka wa uhuru, Thoya alipopata kazi ya kudumu Likoni. Asubuhi tuliyofunga vitu Bi Samiha alikuwa na mafundi juu ya paa, anaezeka upande wa uani. Aliniaga kwa mkono mmoja, mwingine amekinga jua, na macho yake hayakutoka juu.

"Wewe, hilo kuti limepinda," alikuwa akipiga kelele. "Ling'oe, utie jingine."