Bustani ya Kwenye Mabati

Shemeji yangu ni fundi rangi, na ukimwondolea brashi mkononi, kinachobaki ni maneno. Muulize amekula nini asubuhi, atakueleza mpaka sufuria lilivyokaa jikoni. Lakini nampenda, na dada yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mimi ndiye niliyemtetea kwa wazee.

Wanakaa ghorofa ya nne, katikati ya mji, na mimi nina chumba chini yao. Zamani dirisha lao lilitazama anga. Sasa linatazama saruji, maana majengo mapya yameota pande zote kama uyoga. Huko ndiko mama yetu alikokuja kuishi baada ya kuugua. Mama amezoea kuamka, kutoka nje, kukanyaga ardhi na kumsalimu kila apitaye. Hapa akifungua mlango anakutana na ngazi. Basi akawa anaketi hapo hapo kwenye ngazi, akisalimiana na magoti ya watu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia shemeji siku moja. "Haya, mkwe wangu, hilo jembe nikalime wapi? Kwenye zulia?"

Tulicheka, lakini utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Mama alikuwa ameshaamua kurudi kwake, na kule kwake hakuna wa kumpikia wala wa kumpeleka hospitali. Dada alilia jikoni. Shemeji akaenda kuosha brashi ambazo alikuwa ameshaziosha.

Siku zile zile kampuni iliyokuwa ikijenga ghorofa ng'ambo ya barabara ilimpa kazi ya kupamba uzio wake wa mabati. Meneja, mama mmoja wa kofia ngumu na mwendo wa haraka, alimfunulia ramani na kumwonyesha uwanja wa mbele ya jengo.

"Chora hapa patakavyokuwa," alimwambia. "Watu waone tunawaletea nini."

Sasa, wachora ramani wana mambo yao. Maegesho ya magari waliyatia kijani ili yasichanganyike na barabara, na maelezo wakayaweka pembeni kwa herufi ndogo. Fundi rangi hasomi pembeni. Anasoma rangi, na kijani kwake ni majani, hakuna mjadala.

Akachora bustani ambayo sijaona mfano wake. Miti, nyasi, watoto wakifukuza mpira, muuza magazeti wa pale kona amenyoosha miguu, na mimi nikiwa na kitambi ambacho sina. Katikati, kwenye benchi kivulini, alimweka mama, anacheka na mapengo yake yote.

Mama alishuka kutazama. "Kumbe bado mzuri hivi!" akasema, na tangu siku hiyo kila asubuhi alibeba kigoda chake akakae mbele ya picha. Majirani nao wakaja na viti vyao. Mahali palipokuwa pa kupita tu pakawa na soga na vicheko. Hata waliokuja kutafuta nyumba za kununua mle ghorofani wakaanza kumuuliza meneja: bustani itafunguliwa lini?

Meneja alitoka ofisini mbio. "Fundi! Bustani gani? Pale ni maegesho!"

"Lakini kwenye ramani ni kijani, mama."

"Hiyo kijani ni magari!"

"Magari yote ya kijani?" shemeji akauliza, naye hakuwa anatania.

Akapewa ndoo ya rangi nyeupe afute. Alianzia mbali, taratibu, kama mtu anayenyonyoa kuku wake mwenyewe. Watoto wakapotea, mpira ukapotea, kitambi changu kikapotea, na hicho sikukililia. Alipofika kwenye benchi akamkuta mama ameketi kwenye kigoda chake, anamtazama.

"Paka tu, baba," mama akasema kwa upole. "Kazi ni kazi."

Brashi ikabaki hewani, inadondosha matone kwenye viatu vyake. "Meneja, nifukuze," akasema. "Huyu ni mama mkwe. Nimpake rangi usoni, halafu jioni nirudi nyumba ipi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Meneja mwenyewe aliuma midomo akashindwa. Hapo hapo mke na mume waliokuja kuona nyumba wakamuuliza kwa nini bustani inafutwa, maana hiyo ndiyo iliyowavutia. Meneja akawatazama, akavitazama vile viti vyote.

"Acha kwanza," akamwambia shemeji. "Nikaongee na wenye jengo."

Aliongea nao, Mungu ambariki. Magari yakapelekwa nyuma ya jengo, na mbele malori yakamwaga udongo badala ya lami. Mama akasema atasubiri kidogo aone. Miche ilipopandwa, majirani walipangiana zamu za kuitunza.

Asubuhi moja dada alishuka akamkuta mama akimfokea muuza magazeti asikanyage nyasi changa. Alikuwa akiogopa kuuliza, lakini akauliza.

"Mama, na ile safari?"

"Safari gani?" mama akajibu bila hata kugeuka. "Niende, halafu zamu yangu ya kumwagilia afanye nani? Wewe?"

Dada alicheka huku machozi yanamtoka. Siku hizi ukitaka kumwona mama lazima ushuke umfuate bustanini, na ukichelewa, hupati pa kukaa.