Transista Mbili za Redio ya Baba Njeri

Chekeni tu, kwa sababu Gilgil nzima imeshacheka na mimi ndiye niliyebaki na hasira. Nilifungua redio ya baba mkwe (ambaye bado hajawa baba mkwe, na kwa hii aibu sijui kama atawahi kuwa) nikang'oa transista mbili, na nikaanikwa mbele ya kanisa lake lote.

Ilianza na fazi yangu, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya gita likwaruze na kunguruma. Ilikufa, na ndani yake inataka transista za germanium, zile za zamani ambazo viwanda viliacha kutengeneza kabla sijazaliwa. Nilizunguka kwa mafundi wa redio wa Nakuru mpaka viatu vikalalamika, na kila mmoja jibu ni lile lile, "Hizo zilienda na wazungu, boss." Nikaagiza mtandaoni, nikangoja kama mjinga, zikaja, nikazipima, kumbe ni zile za kawaida zimejaa kila mahali, mtu amefuta namba akaandika zingine! Nilitukana ukuta, nikatukana simu, nikatukana aliyevumbua mtandao.

Hapo ndipo Kamau anaingia. Kamau ni kaka yake Njeri, mchumba wangu, na jina lake nikilitaja hata sasa meno yanasagana. Kwao Gilgil walikuwa wanaandaa sherehe ya kumuaga baba yao, anayestaafu uzee wa kanisa, nami nilienda mapema kufunga spika. Nikaona redio ya mbao juu ya kabati, ile mzee aliachiwa na mzungu wa shamba. Nikachungulia kwa nyuma. Germanium tupu! Nikamuuliza Kamau kama bado inatumika.

"Hiyo? Mzee siku hizi anasikiza habari kwa simu," akasema. "Toa unachotaka, urudishe kifuniko. Hakuna mtu atajua."

Nikatoa. (Mzee mwenyewe alikuwa hapo nje tu, anafunga ng'ombe. Kumuuliza kulinishinda.)

Siku ya sherehe fazi iliimba, jamani, iliimba mpaka kina mama wa kwaya wakageuka. Halafu mzee akasimama chini ya tenti, akashukuru watu, akasema, "Kabla hatujakula, tusikize habari ya saa saba. Njeri, niletee redio yangu." Akaeleza kwamba huiwasha siku kubwa tu, Krismasi, ama mtoto akizaliwa.

Akazungusha kitufe. Kimya. Wakabadilisha betri, kimya. Mchungaji akaigonga kidogo kwa kiganja, kimya. Na wakati huo wote sikuwa nimezima spika ya gita, na fazi za aina hii zina tabia mbaya ya kudaka stesheni zenyewe, basi kwenye kile kimya ikasikika sauti ndogo, safi kabisa, ya mtu anasoma habari.

Mzee akaangalia redio. Akaangalia spika.

"Wafula, mbona redio yangu inaongea kwa gita yako?"

Mchungaji ndiye aliyecheka wa kwanza. Mzee akafungua kifuniko, akaona nyaya zilizokatwa, na Kamau (Kamau huyo huyo!) akapaza sauti akiwa na sahani ya nyama mkononi: "Ai, Wafula! Hata redio ya mzee?"

Ningemrukia. Lakini nilikuwa nimeshapiga magoti, nachomoa transista kutoka kwa fazi nizirudishe hapo hapo, watu wamenizunguka na simu zao, na kila fundi anajua germanium haitaki joto jingi. Nikashikilia chuma cha moto cha kulehemu (hukaa kwenye mkoba wangu wa spika) mahali pamoja kwa muda mrefu. Moja ikaungua. Iliyobaki ikawa haina kazi bila mwenzake.

Mzee hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alisema, "Njeri aliniambia unapenda vitu vya zamani. Hii redio nilikuwa nikupee leo, mbele ya hawa watu." Njeri akaingia ndani, mlango nikausikia. Mzee akaifunika redio kwa kitambaa, akaniwekea mikononi. "Nenda nayo. Siku itasoma habari, ndio ulete wazee wenu tuongee mambo ya Njeri."

Basi sasa natafuta tena, kwa mafundi wale wale, transista ile ile, na safari hii si ya gita. Fazi niliitupa chini ya kitanda. Nimeapa sitafungua tena kitu cha mzazi kwa ruhusa ya mtoto wake, hata kama ni tochi.

Juzi Kamau akanipigia. Ati kuna jirani yao ana redio ya mbao kama ile, na mwenyewe amesafiri. Nilikata simu kabla hajataja jina la huyo jirani, kwa sababu najijua.