Rimoti Moja kwa Mkono wa Sadala

Mwaija ana kibanda cha kutengeneza redio na simu hapa Manundu, mjini Korogwe, ubavuni mwa duka langu la vitenge. Ana ulimi mkali. Ukimpelekea redio uliyokwisha kuichokonoa mwenyewe kwa kisu cha jikoni, atakusema mpaka ujute, kisha ataitengeneza.

Mwanawe Sadala ni askari wa kutegua mabomu. Kikosi chao kina droni ya kuchungulia kutoka juu na roboti ya magurudumu ya kukisogelea kitu chini, na kila moja ilikuwa na rimoti yake. Mwaka juzi, kwenye mazoezi, Sadala aliinuka kidogo nyuma ya viroba vya mchanga ili aokote rimoti ya pili, kipande cha chuma kilichorushwa na mlipuko kikamkata sikio. Tangu hapo simu ya Sadala ikiita, Mwaija huketi kwanza ndipo aipokee.

Basi akaamua kutengeneza rimoti moja ya kuongoza vyote viwili. Nilimcheka, nakiri. Alibomoa rimoti za midoli miezi minane, mpaka mafundi wa karakana ya kikosi, ambao nao walikuwa wamekwama na wazo hilohilo, wakamwita wafanye kazi pamoja.

Mwezi wa saba tulikwenda kuijaribu kwenye mbuga kavu nje ya Handeni mjini. Mimi nilibeba betri. Sadala aliirusha droni vizuri, akabonyeza swichi ya kuhamia roboti, na roboti ikachomoka kuelekea walikoketi maofisa. Kidole chake kilikuwa bado kimesukuma mbele kijiti cha kuongozea kwenye rimoti kwa ajili ya droni, na roboti ikaipokea amri ileile. Kichuguu ndicho kilichoisimamisha. Mkuu wao akasema kwa upole kwamba wanapewa wiki mbili. Wasipoirekebisha, vijana watarudi kwenye rimoti mbili. Mwaija akaanza kukunja waya bila kumsema fundi hata mmoja, na niliogopa.

Lomayani, mfugaji aliyeombwa asogeze ng'ombe wake kando, alikuwa ameona yote.

"Mama, hamjui kupokezana," alisema. "Kwetu mtu hakabidhi kundi likiwa linatembea. Nikimwachia mke wangu Naisula ng'ombe pale birikani wanakonywea maji, nawasimamisha kwanza. Na yeye hawaswagi mpaka watulie mbele yake."

"Hata mkiwa na haraka, mzee?" Mwaija aliuliza.

"Siku niliyokuwa na haraka nilipoteza mtamba."

Mwaija alimfuata mpaka birikani, akatazama makabidhiano hayo siku mbili mfululizo, viatu vimejaa samadi. Kisha akarudi kwenye waya zake. Sasa ukibonyeza swichi, mashine unayoiacha inasimama palepale, hata droni angani. Na ile unayoichukua haikutii, sukuma utakavyo, mpaka kwanza urudishe kijiti katikati.

Siku ya jaribio la pili alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Sadala akabonyeza. Droni ikatulia juu. Roboti haikutikisika, ingawa kijiti kilikuwa mbele kabisa. Akakirudisha katikati, akasukuma tena, ikaondoka taratibu. Walimtaka arudie mara arobaini, na mara zote arobaini alifanya akiwa amelala nyuma ya viroba. Maofisa walitazama mashine. Mwaija alitazama viroba tu, akingoja kichwa kiinuke. Hakikuinuka. Ndipo akaniachia mkono, akacheka, akaanza kuwasema mafundi kwa kufunga skrubu ovyo. Nilifurahi kumsikia.

Jumanne iliyopita nilikuwa kibandani kwake simu ilipoita. Niliona jina la Sadala, nikamsogezea kigoda kama kawaida. Hakukitazama. Aliibana simu begani, akaendelea kulehemu redio ya mtu, amesimama.

"Marahaba, baba," alisema. "Umekula?"