Gunia la Mzee Kasimu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka huvuta leso nikafunika uso, hata nikiwa peke yangu. Nilipanda kilima kukata ukindu wa mikeka, na nilichoshuka nacho hakikuwa ukindu tu.

Kwanza ujue anayekwambia ni nani. Mimi Mwanasiti ni mtu wa shaka tangu utotoni. Nikiletewa samaki, hutazama macho ya samaki kabla sijaitikia salamu ya aliyemleta. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifika peponi nitauliza kwanza mlango wa kutokea. Sikumbishia.

Kilima chenyewe unakijua. Ni kile kilicho bara ya Msambweni, nyuma ya mashamba yetu, ambacho siku hizi nyinyi vijana mnawapandisha wageni wakapige picha. Juu pana jiwe pana, na anga likiwa safi unaiona bahari yote, na kisiwa cha Chale kule kaskazini. Chini ya jiwe pana pango la popo. Zamani hatukuingia pale ovyo. Ulivua viatu, ukapiga hodi mara tatu, ukanyunyiza marashi kidogo, na hukupita pale mwanga unapokomea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka ule mahindi ya kila mtu yalitoka mafupi na ya manjano, maana ardhi yetu ya mchanga ilikuwa imechoka. Ya kila mtu isipokuwa ya Mzee Kasimu, jirani yetu, mgane aliyeishi peke yake chini ya kilima. Yake yalisimama kijani kibichi, na mabua manene. Watu walipita kando ya shamba lake wakitazama pembeni.

Siku hiyo nilikuwa juu ya jiwe na shoga yangu Mejumaa, tumemaliza kukata ukindu, tunapunga upepo. Nikatazama chini, nikamwona Mzee Kasimu mbele ya pango, gunia tupu begani. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, kisha akainama akaingia. Tulingoja sana. Alipotoka, gunia lilikuwa limejaa, na macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi. Na kwetu, mwanangu, unajua mzee mwenye macho mekundu huitwa nani.

"Umeona?" Mejumaa akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Amebeba nini?"

"Si kitu cha kheri," nikajibu, nami sikujua lolote.

Sikufichi, nilifurahi. Nilijiona nimepata jambo ambalo hata wakubwa hawakuwa nalo. Jioni ile kisimani nikasema maneno machache tu, kwamba Mzee Kasimu huingia pangoni na gunia. Sikusema mchawi. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulikuwa na ujanja wa kusimama mahali ambapo wengine wangeendelea.

Wakaendelea. Mwezi ule mtoto wa Nimwaka, jirani yetu wa pili, alikuwa amefariki kwa homa. Siku ya tatu neno langu liliponirudia lilikuwa limenenepa: gunia lilikuwa na mtoto ndani, na shamba lile hulimwa na wafu. Na mimi, niliyelianzisha, nililiamini. Lisemwalo lipo, nikajiambia.

Ijumaa, baada ya sala, vijana wapatao kumi na watano waliteremka shambani kwake na mapanga, kaka yangu Hamisi akiwa mbele. Walianza na mahindi, wakayafyeka mstari hadi mstari. Sisi wanawake tulifuata nyuma, tumeziba midomo kwa leso. Mzee Kasimu alikuwa amekaa mlangoni kwake, gunia katikati ya miguu. Hakukimbia.

"Mnasema nimeonwa," alisema. "Nani aliyeniona?"

Mimi nikajibanza nyuma ya Mejumaa. Hamisi akasogea na panga mkononi, akamwamuru mzee afungue gunia, na sauti yake sikuitambua kuwa ni ya kaka yangu. Hapo ndipo Bi Mwanajuma, shangazi yangu, mwanamke mfupi asiyemwogopa mtu, aliyenisikia jioni ile kisimani, alinishika mkono akanivuta mpaka mbele ya wote.

"Sema ulichokiona," akaniambia. "Usiseme ulichokisikia."

"Nilimwona ameingia na gunia tupu, akatoka nalo limejaa."

"Ulimwona na mtoto?"

"La, shangazi."

"Ulimuuliza amebeba nini?"

"La."

"Kisimani ulikuwa na mdomo. Mbele ya mwenyewe umekosa mdomo?"

Mzee Kasimu akafungua kamba, akamimina gunia miguuni pa Hamisi. Harufu ilitupiga sote. Yalikuwa mavi ya popo, makavu na meusi.

"Mbolea yangu ndiyo hiyo," alisema. "Na macho haya yameharibiwa na ukali wake. Niliificha kwa kuwa mngejua mngelivamia pango, popo wakahama, tukakosa sote."

Naye hakuwa malaika. Angeweza kumwambia hata jirani mmoja. Alikuwa na choyo, na siri yake ilitupa pa kushikia. Lakini choyo hakikatiwi panga, na mahindi yake yalikuwa yamelala chini yote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kabla hajahamia kwa binti yake huko Lungalunga, ambako alifia, nilimwendea kuomba radhi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akanionyesha nusu gunia lililobaki. "Mpelekee mamako, atie kwenye mihogo. Radhi nimekupa. Lakini ukizeeka, binti yangu, mwombe Mungu usije ukatazamwa kwa macho kama yako."

Nilidhani ni uchungu wa mzee. Nilibeba mbolea nikaenda zangu.

Sasa mvi ni zangu. Macho yangu nayo yamekuwa mekundu, kwa moshi wa kuni na kwa pango lile lile, maana nikishavuna nakwenda kuchota gunia moja, moja tu, nisiwahangaishe popo. Wiki iliyopita nilitoka pangoni, nikainua kichwa, nikaona mtu juu ya jiwe ameshika simu. Jana mjukuu wangu Rukia alinionyesha simu yake, uso ameuinamisha. Picha yangu iko kwenye kundi la vijana wa kijiji. Mmoja ameandika, "Bibi huyu anabeba nini?" Wa pili amecheka. Wa tatu hakucheka. Ameandika kwamba kuna mtoto anaumwa hapa mtaani.

Tangu jana naogopa, mwanangu. Nimefunga komeo mchana. Nimemshuku muuza duka kwa kuwa alinitazama sana, na Suleimani, kijana anayewapeleka wageni kilimani, kwa kuwa hakunitazama. Kabla jua la jana halijatua nilikuwa nimewashuku vijana wote wa kijiji bila kumuuliza hata mmoja. Mazoea yana taabu.

Asubuhi hii nikamwita Suleimani. Alitoa shikamoo, akabaki amesimama mlangoni.

"Wewe ndiye uliyenipiga picha?"

"Si mimi, bibi."

Sijui kama ni kweli. Lakini nilimkaribisha ndani, akanywa chai, kisha nikampeleka uani nikamfungulia gunia. Akaziba pua, akacheka mpaka akakohoa. Amesema ataliambia kundi. Kama ataliambia au hataliambia, hilo nalo sijui, na komeo langu bado nalifunga.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kushuku, maana dunia ina wabaya wake. Lakini ukimshuku mtu, shuka kutoka juu ya jiwe uende mpaka mbele yake, umsalimie, umuulize. Kuuliza si ujinga. Ukiogopa kwenda peke yako, fuatana na mtu mzima kama shangazi yangu. Na jambo ambalo hujauliza usilipeleke kisimani, wala usilitie kwenye simu, kwani watu hawangoji tena siku ya tatu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Na kama uliyeshika simu ile ni wewe unayenisikiliza sasa, gunia liko uani na chai ipo. Piga hodi nitafungua komeo. Mungu akuepushe na shari ya mdomo wako na ya midomo ya watu. Akuzeeshe, mwanangu, na akishakuzeesha akupe vijana watakaokuuliza.