Ng'ombe wa Mbuke

Basi bwana, kwao Jilala kule Kishapu, mwanamume hapimwi. Mtoto asipopatikana, mke ndiye anayezungushwa kwa waganga. Mbuke, mke wa Jilala, alizungushwa miaka sita, akanywa mizizi hadi tumbo likamsokota, na mumewe yuko Geita anachimba dhahabu. Wenzake wote ni Mama fulani. Yeye Mbuke tu. Mwisho wazee wakaamua: Jumamosi arudi kwao, na ng'ombe wa mahari warudishwe.

Mbuke aliomba jambo moja, mumewe naye apimwe. Jilala, aliyekuwa amerudi kwa shauri hilo, akakubali kwa siri, apate karatasi ya kumnyamazisha. Jumatano akafuata majibu hospitalini, Shinyanga mjini.

"Mbegu zako ni nyingi na zinaogelea vizuri," daktari Noela alimwambia. Jilala akatabasamu. "Ila kuna protini inayotengenezwa kwenye korodani, inakaa kichwani mwa mbegu ili ishike yai. Zako hazina. Zinafika, zinateleza. Mkeo hana tatizo."

"Kama mchimbaji aliyeshuka shimoni bila nyundo."

"Ndivyo."

Alidhani atalia, au atafoka. Wapi! Aliagiza chai kituo cha basi, ikapoa mbele yake. Mwili mzima ganzi.

Jumamosi kaka zake Mbuke wakaswaga ng'ombe mpaka uani. Mzee Magesa, baba yake Jilala, akaanza kuwakagua mmoja mmoja. Jilala amesimama, karatasi mfukoni, mdomo mzito. Jamani, mtu mzima huyo! Anaogopa kusemwa siku moja, mwenzake kasemwa miaka sita!

Mbuke akatoka na kibegi chake, akapiga goti mbele ya mkwewe. "Baba, naaga. Nisamehe sikukupa mjukuu."

"Baba, waache hao ng'ombe," Jilala akasema. Sauti yake aliisikia kama ya jirani. "Mwenye tatizo ni mimi. Nimepimwa."

Mzee akabaki ameshika pembe. Mbuke akainuka taratibu.

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Alhamisi nilikuwa nakunywa ile dawa," Mbuke akasema. "Wewe ndiye uliyenishikia kikombe."

Jilala alisubiri uchungu uje, haukuja. Mbuke akajitwika kibegi, akawaambia kaka zake wageuze ng'ombe, naye akawafuata nyuma.