Deroni Ni Mtoto wa Nani

Mchwa ndio waliomfanya Musyoka Ndululu aanze kusoma habari za Deroni. Walikuwa wamepanda ukuta wa chumba cha binti yake Kanyiva, wakafika kwenye rafu, na Musyoka akalazimika kutoa kila kitu nje kukianika juani. Katika vile vitu mlikuwa na vitabu vinne vinene vya Kiingereza, kila kimoja na picha ya kijana aliyeshika mkuki. Kanyiva alivisoma akiwa sekondari mpaka majalada yakalegea. Sasa alikuwa muuguzi Uingereza, mwaka wa tatu huo, na mama yake alikuwa amekufa kabla hajaondoka.

Musyoka alikuwa fundi cherehani pale sokoni Mbumbuni, mtu wa miaka hamsini na minane. Alishona sare za shule na mavazi ya kwaya za kanisa. Jioni alifunga kibanda, akatembea hadi nyumbani, akapika ugali wa mtu mmoja. Kanyiva alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Aliuliza kama amekula, kama mvua imenyesha, kama goti bado linauma. Zikiisha hizo, kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua, na mwishowe Kanyiva akasema, "Haya baba, wacha nijiandae kazi."

Alipokuwa akivipangusa vile vitabu alifungua cha kwanza, akasoma ukurasa mmoja, halafu wa pili. Deroni aliokotwa akiwa mtoto mchanga ndani ya kinu cha kusagia nafaka, amefunikwa magunia. Alikua, akapigana vita, akazungumza na mito, lakini hakujua wazazi wake. Musyoka alimaliza kitabu hicho kwa wiki tatu, kamusi ikiwa mapajani.

Jumapili iliyofuata, kabla hajaulizwa habari za mvua, alisema, "Hebu niambie, huyu Deroni baba yake ni nani?"

Kanyiva akacheka. Musyoka hakuwa amekisikia kicheko kile tangu msiba.

"Baba! Umesoma hivyo vitabu? Hakuna anayejua. Mwandishi mwenyewe hajasema. Watu wanabishana kwa internet kila siku."

Waliongea karibu saa nzima. Kanyiva alimweleza kwamba wengi waliamini Deroni ni mwana wa mfalme aliyeuawa, na wengine walisema baba yake ni jini la mtoni. Siku hiyohiyo alimwingiza katika kundi la WhatsApp la wasomaji wa Kenya, watu mia mbili na kitu, karibu wote vijana. Walimwita Fundi. Miezi michache Jumapili zikawa tamu. Musyoka alikuwa akiandika maswali kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha huyu na mabega ya yule, ili asiyasahau simu ikilia.

Kisha Kanyiva akaanza kupewa zamu za Jumapili. Akipiga, anapiga akiwa njiani. Musyoka akimtajia Deroni, anajibu, "Ee baba, nitakumbuka kuangalia." Asubuhi moja Musyoka alifungua simu akaona mstari mdogo katika lile kundi: Kanyiva ameondoka. Hakukuwa na neno lingine. Wenzake walikuwa wanaendelea kubishana juu ya jini la mtoni kana kwamba hakuna mtu aliyetoka mlangoni. Siku hiyo Musyoka alikata shati la mtoto wa darasa la pili kwa kipimo cha mtu mzima, na kitambaa kikaharibika.

Yeye hakuondoka. Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja aliyependa kubishana naye, Salat, mwenye duka la simu Emali. Salat alikuwa wa upande wa mfalme. Ijumaa moja Musyoka alipokwenda Emali kununua vifungo na uzi, alimtafuta. Akamkuta kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mke wake Ilhan akihudumia wateja upande wa pili. Salat alimvutia kiti nyuma ya kaunta, akaagiza chai ya maziwa yenye iliki.

"Mzee, mtu lazima awe na baba," alisema. "Kwetu mtoto anafundishwa majina ya baba zake kabla ya kwenda shule." Akaanza kuyataja yake: Salat, Abdijabar, Abdow, na kuendelea, kidole kikigonga kaunta kwa kila jina, mpaka yakapita kumi na tano. "Sasa wewe."

"Musyoka," alisema Musyoka. "Ndululu. Mbaluka." Akaishia hapo.

"Na baba ya Mbaluka?"

"Sijui."

Salat hakumcheka. Alimwongezea chai. Lakini Musyoka alirudi Mbumbuni na lile swali, likakaa naye mezani, likalala naye. Kwa hesabu yake, duniani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwuliza: shangazi yake Kasyoki, dada ya baba yake, aliyeolewa Kisasi huko Kitui. Hawakuwa wameonana miaka sita. Jumamosi iliyofuata akafunga kibanda na kwenda.

Alimkuta amekaa kwenye kivuli cha nyumba akitoa pojo kwenye maganda. Macho yalikuwa yamefifia, lakini aliitambua sauti.

"Ndululu?"

"Ni mtoto wake, shangazi. Musyoka."

"Umekuja kwa sababu nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kuuliza. Babu Mbaluka, baba yake alikuwa nani?"

Kasyoki alicheka mpaka pojo zikamwagika. "Baba yake alikuwa mwanamke," alisema.

Akamweleza taratibu, akisimama kila mara kutafuta pumzi. Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nthenya, mke wa mtu, ambaye hakujaliwa mtoto. Mume alipokufa, Nthenya hakutaka nyumba yake ifutike. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akaenda kwa wazazi wa msichana, akaoa. Msichana huyo alikuwa iweto wake, yaani mke aliyeolewa na mwanamke, na watoto aliowazaa, wa kwanza wao Mbaluka, walihesabiwa kuwa wa nyumba ya Nthenya. Hakuna aliyeuliza mwanamume alikuwa nani.

"Kwa nini baba hakuniambia?"

"Ulimwuliza?"

Njia nzima ya kurudi Musyoka alimfikiria Nthenya akiswaga ng'ombe wake peke yake kwenda kuoa. Karibu na nyumbani akamkumbuka mtu mwingine. Katika kitabu cha pili mlikuwa na Mareva, bibi mwenye Ngome ya Chumvi, mjane asiye na mtoto. Mareva alipeleka maksai kumi na wawili kwa wazee wa msichana mmoja, Sefi, akamleta ngomeni. Wasomaji wote waliona amenunua kijakazi. Lakini Musyoka aliufungua ukurasa na kusoma tena: Mareva alimshonea Sefi gauni jeupe lenye pindo la dhahabu, kwa mkono wake mwenyewe. Nani anamshonea kijakazi gauni la namna hiyo? Na Sefi alitoroka vitani akielekea upande wa vinu, kule Deroni alikookotwa.

Aliandika yote hayo kundini, siku mbili akifuta na kuandika upya. Deroni hana baba wa kutafutwa, alisema. Deroni ni mtoto wa nyumba ya Mareva.

Wengi waliweka picha za kucheka. Mmoja akaandika, "Fundi amechoma, hapo amepotea kabisa." Salat peke yake ndiye aliyejibu kwa urefu: hakukubali, lakini katika mengi aliyosoma kuhusu Deroni hakuwahi kuona hoja kama hiyo.

Kitabu cha tano kilitoka Agosti. Salat aliagiza nakala mbili kutoka Nairobi, akampa Musyoka moja. Musyoka alisoma siku nne, mchana, kati ya mteja na mteja. Deroni alikuwa mwana wa mfalme, kama watu walivyosema tangu mwanzo. Sefi hakutajwa hata mara moja. Mareva alitajwa kwa sentensi moja: alikufa ngomeni, na ngome ikachukuliwa na mchanga. Musyoka hakuumia kwa kushindwa. Aliumia kwa ajili ya yule mama, maana hakuna aliyekwenda kumzika.

Alimpigia Kanyiva. "Mami, nina kitu cha kukuambia. Si cha kitabu. Ni cha kwetu."

"Baba, niko kwa basi, sikusikii vizuri. Nirekodie, nitasikiliza."

Akarekodi dakika kumi na moja. Alisema habari za Nthenya, na ng'ombe, na Mbaluka, akayataja majina kwa mpangilio mpaka akafika kwa Kanyiva. Kisha akawa anafungua simu kuangalia alama ya kipaza sauti, ile inayogeuka buluu ujumbe ukisikilizwa. Ilibaki kijivu Jumatatu. Ilibaki kijivu wiki nzima. Siku ya tisa ikageuka buluu, na ujumbe ukaingia: "Wow baba! Story kali. Nitakupigia weekend tuongee." Mwishoni mwa wiki Kanyiva aliitwa zamu ya mwenzake aliyeugua, hakupiga.

Ijumaa Musyoka alikwenda Emali ingawa hakuhitaji vifungo. Ilhan alimtengea wali na nyama ya mbuzi, na mtoto wao Hani akamlalia begani mpaka akasinzia. Salat alitaka kujua kama kitabu cha sita kitamrudisha Sefi. Musyoka alisema hadhani. Alikaa hapo hadi saa kumi alasiri, mkono wake umetulia mgongoni mwa mtoto, akiogopa kumwamsha. Ilhan alipokuja kumchukua, Musyoka alisimama, akalinyoosha shati lake, akaaga.