Ng'ambo Mbili za Kijito Kimoja

Kijito kinachotenga shamba letu na mashamba ya kampuni ya chai, upande wa Kiptere, mtu mzima hukivuka bila kulowesha magoti. Mimi nilizaliwa ng'ambo hii, kwa baba mwenye ardhi. Rafiki yangu alizaliwa ng'ambo ile, msimu huohuo wa mvua, katika nyumba za wafanyakazi, kwa wazazi waliotoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai.

Nimesikia wakisema kanisani kwamba asiye na kitu uzeeni aliuchezea ujana wake. Sikubali neno kwa kuwa tu limerudiwa na wengi. Huyu rafiki yangu nilimwona kwa macho yangu akiingia shambani alfajiri, kapu mgongoni, mimi nikienda shuleni kusoma, na baadaye kufundisha. Amechuma majani maisha yake yote, na hana hata mche mmoja wa kwake.

Mwaka huu alistaafu, na anayestaafu hurudisha nyumba. Alikuja kutuaga. Mke wangu alimmiminia chai ya maziwa. Akaonja, akakunja uso.

"Shemeji, majani nimechuma mimi. Mbona sukari mmeninyima?"

"Huyu mzee wako ana kisukari. Mlalamikie yeye," mke wangu akajibu, akinielekezea kidole.

Nikamuuliza atakwenda wapi. Alisema kule ziwani ana jina la ukoo tu, hakuna anayemjua. Nikamwambia ajenge kwetu, pale juu ya kisima.

"Omera, ndugu yangu, unanipa kwa sababu tumependana. Jirani yangu kule kwenye nyumba za kampuni, aliyestaafu pamoja nami, hakubahatika kupendwa na mwenye shamba. Yeye alikosa nini?"

Hata mimi, ili niipate ng'ambo hii, sikufanya lolote ila kuzaliwa.

"Na wewe ukitangulia," akaongeza, "wanao wataniita nani? Mgeni wa marehemu?"

Mke wangu aliweka birika chini, akanigeukia. "Basi iandikwe. Maneno ya mdomo wewe mwenyewe huyaamini."

Jumatatu tulikwenda ofisi ya ardhi pamoja na wanangu, kiwanja cha juu ya kisima kikaandikwa kwa jina lake. Ni kipande kidogo, wala hakijibu swali lake. Yule jirani aliondoka. Wanasema yuko Ndanai, sijathibitisha.

Juzi, mabati yalipokwisha kupigiliwa, nilikwenda kuitazama nyumba. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Vua viatu, mzee. Hapa ni kwangu."

Nikainama, nikafungua kamba.